Jakarta, Mji Unaohamwa na Wakubwa

Anayelalamikia mwendokasi wa Kimara, Dar es Salaam, saa moja asubuhi, na mimi nimo, akifika Jakarta hatapotea. Basi refu lenye njia yake peke yake katikati ya barabara, kituo cha kupandia juu, kadi ya kugusisha getini, halafu ule msukumano mlango ukifunguka: Jakarta walianza Januari 2004, sisi Mei 2016, na wao wenyewe mfano waliuchukua Bogotá, Colombia. Njia zao sasa zinafika kama kilomita 250, na nauli ni rupia 3,500 popote uendako, ilimradi hujatoka nje ya geti. Kwa fedha yetu shilingi 600 hazifiki. Sehemu ya mbele, nyuma ya dereva, ni ya wanawake, na mhudumu wa mlangoni anaisimamia kwa macho makali. Siku niliyopanda mara ya kwanza nilikosa pa kushika. Mama mmoja mwenye ushungi wa kijani akanikamata mkono, akaniuliza natoka wapi, nina watoto wangapi, na mbona nasafiri peke yangu. Mpaka tunafika Kota, mwisho wa njia, alikuwa hajaniachia.

Nilikwenda Agosti, katika kiangazi chao, kwa ndege ya kupitia Doha. Wengi wetu tukisikia Indonesia mawazo yanakimbilia Bali, na wenzangu kazini waliniuliza kwa mshangao Jakarta kuna nini cha kutazama. Swali si la kipuuzi. Mjini hakuna pwani ya maana ya kuogelea. Hewa ya Agosti ni nzito kwa moshi, hata yale maghorofa ya barabara ya Sudirman unayaona nusunusu. Kutembea kwa miguu ni kazi nyingine: njia ya waenda kwa miguu inaanza vizuri, inazibwa na pikipiki zilizoegeshwa, halafu inaishia kwenye mtaro. Mimi nilitaka kuuona mji wenyewe, ukubwa wake na namna unavyoishi. Mwishoni mwa 2025 Umoja wa Mataifa uliutaja kuwa ndio mkubwa kuliko yote duniani, watu karibu milioni 42 ukiwahesabu na wale wa Bogor, Depok, Tangerang na Bekasi, miji ambayo imeshikana na Jakarta hadi huwezi kujua mmoja unakwisha wapi. Tokyo, iliyokuwa ikiongoza miaka nenda rudi, imeachwa nyuma.

Na mji huu ndio ambao serikali yake imetangaza kuuhama.

Agosti 2019 Rais Joko Widodo alisema makao makuu yatakwenda Kalimantan Mashariki, katika kisiwa kingine kabisa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Jakarta. Sheria ikapita 2022, mji mpya ukaitwa Nusantara, ikajengwa ikulu yenye umbo la ndege garuda aliyetandaza mbawa, na tarehe 17 Agosti 2024 sikukuu ya uhuru ikaadhimishwa huko kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata sherehe ikarudi Jakarta. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa zaidi. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaende Dodoma, mawaziri wakaanza kufungasha kweli kweli 2016, na foleni ya Ubungo haikupungua hata gari moja.

Nilimsimulia hivyo kijana wa ojek aliyenibeba kutoka Menteng. Ojek ni bodaboda. Ukiwa Jakarta huwezi kuikwepa, na kwa kweli sikutaka kuikwepa, maana garini utakaa saa nzima ukitazama nyuma ya gari lilelile. Kampuni ya Gojek ilianza hapa mwaka 2010 na waendesha pikipiki ishirini, wateja wakipiga simu. Programu ya kwenye simu ikaja 2015, na sasa majaketi ya kijani yamejaa kila njia panda. Unapewa helmeti, unatajiwa bei kabla, hakuna kubishana. Kijana wangu aliniita Ibu, kwa heshima ya mama, nami nikamwita Mas, kama wanavyoitwa vijana ambao hawajafikia umri wa kuitwa Pak. Kiingereza chake na Kiindonesia changu cha kwenye simu vilitosha. Binamu ya mke wake, alisema, ni mtumishi wa wizara fulani. Ameshaonyeshwa nyumba atakayopewa Nusantara, ghorofa nzuri, lakini mkewe amekataa kuhama Bekasi kwa sababu ya shule ya watoto. Nikacheka. Nikamwambia kwetu wapo waliohamia Dodoma ambao kila Ijumaa jioni wanawahi treni ya kurudi Dar. Akauliza kama na waendesha pikipiki walihama. Nikasema hapana, wameongezeka. Akapiga honi mbili za furaha, sijui akimpigia nani.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya majoki. Zamani, barabara kubwa za katikati ya mji zilikuwa na amri: saa za msongamano gari lisipite kama lina watu chini ya watatu. Basi watu wakaanza kusimama kando ya barabara na kujikodisha kuwa abiria. Mama aliyebeba mtoto alitafutwa zaidi, kwani alihesabiwa wawili. Amri hiyo iliondolewa 2016, ikaja ya namba za magari, siku za witiri na siku za shufwa, na wenye uwezo wakanunua gari la pili. Serikali inatunga, wananchi wanatungua. Menteng yenyewe ni mtaa wa miti mikubwa na nyumba za zamani za Kiholanzi. Katika shule moja ya msingi hapo kuna sanamu ya mtoto aliyenyosha mkono, kipepeo ametua juu yake: ni Barack Obama, ambaye aliishi Jakarta na mama yake kati ya 1967 na 1971. Mlinzi alipoambiwa nimetoka Afrika Mashariki alidhani nimekuja kwa ajili ya ndugu yangu.

Msikiti wa Istiqlal niliutengea Ijumaa. Ulianza kujengwa 1961 kwa amri ya Sukarno, rais wa kwanza, ukafunguliwa 1978, Sukarno akiwa ameshafariki. Wanasema unaingiza watu zaidi ya laki moja, na ukisimama chini ya kuba lake unaamini. Kuba lina upana wa mita 45, kwa ajili ya mwaka wa uhuru, 1945, nalo limebebwa na nguzo 12, kwa ajili ya tarehe 12 ya Mfunguo Sita, mazazi ya Mtume. Hakuna nakshi nyingi. Ni chuma, marumaru na hewa. Upepo unapita kutoka upande hadi upande na hakuna haja ya viyoyozi. Aliyeuchora alikuwa Mkristo, Friedrich Silaban, Mbatak wa Sumatra. Ng'ambo ya barabara liko Kanisa Kuu la Katoliki lenye minara ya chuma, lililokamilika 1901, na chini ya barabara wamechimba njia ya kuunganisha nyumba hizi mbili za ibada. Papa Francis alifika kwenye njia hiyo Septemba 2024. Siku za sikukuu wanaazimana maegesho ya magari. Hilo la maegesho lilinigusa kuliko njia ya chini ya ardhi. Kujenga njia ni mradi, lakini kumwachia jirani nafasi ya gari katika mji huu ni ukarimu wa kweli.

Baada ya sala nikala nasi Padang, yaani wali na vitoweo, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Huagizi. Unakaa tu, na mhudumu anakuja na sahani zimepangana mkono mzima mpaka begani, anazishusha mbele yako moja moja: rendang, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa tui na viungo mpaka tui likakauka na kugeuka mafuta, kuku, samaki, kisamvu chao, biringanya kwa pilipili, maini, mayai, na mchuzi wa fenesi bichi. Kumi na kitu. Nikashtuka, nikijua hesabu yake itanimaliza. Kumbe unalipia ulichogusa tu, vilivyobaki vinarudi jikoni. Kwa Mpemba aliyelelewa kwamba mgeni hali mpaka asihiwe na asihiwe tena, hii ilikuwa ni kusihiwa na sahani. Rendang ile ni nzuri kuliko nyama yoyote niliyowahi kula katika safari zangu, na nasema hivyo nikijua mama yangu anaweza kusoma hapa. Pilipili yao, sambal, iogopwe. Usiku, kwenye viwanja, wanauza kerak telor: mchele wa kunata na yai la bata kwenye kikaango, kikishashika anakigeuza chini juu kuelekea makaa ya moto, na chakula hakianguki. Nilisimama nikitazama muda mrefu kuliko nilivyokula.

Tanah Abang niliipita mbiombio. Ni soko la nguo tangu 1735, ghorofa juu ya ghorofa, na wafanyabiashara kutoka nchi nyingi za Afrika wanalijua. Mwenye duka Kariakoo atafurahi huko kuliko mimi.

Niliyoyafuata Jakarta hasa yako kaskazini, upande wa bahari. Kwenye uwanja wa Fatahillah, mji wa kale, liko jengo jeupe la utawala wa Kiholanzi lililokamilika 1710, sasa makumbusho ya historia ya Jakarta. Mbele yake vijana wanakodisha baiskeli za rangi za peremende pamoja na kofia pana za kufanana nazo, na familia nzima zinazunguka uwanja zikipigana picha. Nami niliombwa kupiga picha na watu nisiowajua mpaka mashavu yakauma. Chini ya jengo hilo ziko jela, vyumba ambavyo mtu mzima hawezi kusimama wima, na mipira ya mawe iliyokuwa ikifungwa miguuni imebaki sakafuni. Juu kulikuwa na mahakama. Mwaka 1830 Mwanamfalme Diponegoro, aliyepigana na Waholanzi miaka mitano huko Java ya kati, aliwekwa katika jengo hili kabla ya kupelekwa uhamishoni Sulawesi. Nyuma kidogo ni Glodok, mtaa wa Wachina, ambao mababu zao waliuawa kwa maelfu katika mji huu mwaka 1740, na waliosalia wakazuiwa kukaa ndani ya ukuta. Leo Glodok wanauza chai, dawa za mitishamba na chura hai.

Jambo moja katika makumbusho hayo lilinishika. Mji huu umeshahamwa na wakubwa mara moja kabla ya sasa. Jan Pieterszoon Coen wa kampuni ya Kiholanzi ya VOC aliuvunja mji wa Jayakarta mwaka 1619 na kujenga Batavia kwa mfano wa kwao: ngome, ukuta, mifereji ya maji kila mtaa. Mifereji ya Uholanzi kwenye joto la Java iliota tope, na watu wakafa kwa maradhi, malaria ikiongoza, mpaka Batavia ikajulikana duniani kwa makaburi yake. Gavana Daendels, aliyetawala tangu 1808 hadi 1811, alibomoa ngome, akachukua matofali yake na kwenda kujenga makao mapya bara kidogo, kusini, ambako leo ndiko ilipo ikulu na ule mnara wa Monas wenye mwali wa dhahabu. Wenye uwezo wakamfuata. Masikini, wavuvi, wachukuzi na Wachina wadogo wadogo wakabaki na mifereji. Kwa hiyo Nusantara si wazo jipya hata kidogo. Wakubwa wa mji huu, maji yakichafuka, huondoka. Tofauti ni kwamba Daendels alihama kwa mwendo wa miguu.

Kutoka uwanjani hadi bandari ya zamani ya Sunda Kelapa si mbali. Huko zimefungwa pinisi, merikebu za mbao za Wabugis wa Sulawesi, safu ndefu ajabu, pua zimeinuka juu ya gati. Zina injini siku hizi, lakini bado zinafanya kazi, hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Zinapakia saruji, mbao, baiskeli, maji ya chupa, kwenda Kalimantan na visiwa vingine. Mchukuzi anapanda ubao mwembamba na mfuko begani, ubao unanesa, anashuka mtupu, anapanda tena. Mwenye kuijua Malindi ya Unguja au bandari ya kale ya Mombasa hatashangaa.

Nikiwa hapo nikanusa karafuu.

Harufu niliijua kabla ya kumwona mvutaji. Nimezaliwa Wete, nimekulia kwenye majamvi ya karafuu, nimechambua makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi, na harufu ile mimi huniambia kwanza mambo ya nyumbani, kisha mambo ya fedha. Mchukuzi mmoja alikuwa amekaa juu ya kamba akivuta kretek, sigara yao ya tumbaku iliyochanganywa na karafuu iliyokatwakatwa, ambayo ikiungua inatoa mlio wa kutatarika. Ilianza katika mji wa Kudus, Java, mwishoni mwa karne ya 19, na leo inameza sehemu kubwa ya karafuu yote ya dunia. Nikamwashiria kwamba kwetu tunalima hiyo. Akanitolea moja. Sivuti, nikainusa tu, akacheka na wenzake wakacheka.

Mkarafuu asili yake ni hapa hapa Indonesia, visiwa vya Maluku, Ternate na Tidore na jirani zao. VOC, kutoka makao yake ya Batavia, iliamua karafuu yote ya dunia ipite mikononi mwake. Ikaruhusu upandwe Ambon na visiwa vichache vya karibu, kwingine ikatuma watu kung'oa miti. Mwaka 1770 watu wa Pierre Poivre, Mfaransa aliyekuwa akisimamia Mauritius, waliitorosha miche. Kutoka visiwa vya Wafaransa mkarafuu ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Said akaamrisha upandwe kwa wingi, watumwa wakaletwa kuulima, na kabla ya karne kwisha Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiilisha dunia karafuu. Halafu gurudumu likazunguka. Wavutaji wa kretek wakawa wengi mno, hata nchi yenye asili ya mkarafuu ikawa inanunua kwetu. Miaka mingi ya karne iliyopita mteja mkubwa wa Zanzibar alikuwa Indonesia. Wao wakaona gharama, wakapanda mikarafuu yao kwa mamilioni, na ilipofika miaka ya 1980 wakajitosheleza. Bei ikaporomoka. Nakumbuka watu wazima wakizungumza barazani kwamba bei imekufa. Hakuna aliyetuambia kwamba imefia katika kifua cha mchukuzi wa Java, na mtu mwenyewe nilipokuja kukutana naye sikuweza hata kumkasirikia, alikuwa na mgongo uliopinda na viatu vya kuazima.

Hatua chache kutoka hapo, kupitia vichochoro, uko msikiti wa Luar Batang. Ndani yake amezikwa Habib Husein bin Abubakar Alaydrus, aliyetoka Hadhramaut na kufariki hapa mwaka 1756. Wenyeji wanasimulia kwamba jeneza lake lilipofikishwa makaburini lilikutwa tupu, mwili umerudi ulikotoka, wakafanya hivyo mara tatu, mwisho wakamzika hapo hapo nyumbani kwake. Nimesimama mbele ya kaburi, watu wanasoma Yasini, mzee mmoja ananiuliza jina na nasaba, na mimi nawaza Lamu na Pate, ambako masharifu wa akina Aidarusi wanajulikana kwa elimu na tenzi tangu zamani. Mabaharia wa Hadhramaut walikuwa na pepo mbili. Moja iliwaleta kwetu, nyingine huku. Mzee aliposikia kwamba nilikotoka kuna maulidi na kuna masharifu, hakuuliza tena mambo ya pasipoti. Aliniletea chai.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mpwa wake, na mpwa wake akanipeleka Muara Baru kuona ukuta.

Ukuta wenyewe ni wa zege, mrefu kumzidi mtu kimo, na ulijengwa kuizuia bahari isiingie. Ukiwa mtaani huioni bahari. Unaona nyumba, nguo zilizoanikwa, watoto wanacheza mpira wa mlingoti mmoja, na juu ya ukuta unaona vyombo vya wavuvi. Yaani vyombo viko juu, nyumba ziko chini. Nilipanda ngazi ya mbao kuchungulia, maji yalikuwa karibu ya ukingo, na upande wa pili, ndani ya bahari, umesimama msikiti wa Wal Adhuna, ambao uliachwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuta zake ziko nusu ndani ya maji na ndani ya mihrabu wamekaa ndege.

Bahari imepanda, ndiyo, lakini kubwa zaidi ni kwamba ardhi imeshuka. Jakarta ina mito 13 na bado wakazi wengi hawana bomba. Viwanda, hoteli na majumba ya maduka yamechimba visima virefu, wananchi vifupi, na maji yakitolewa chini udongo laini wa pwani unajisindika na kuzama pamoja na vilivyo juu yake. Wataalamu wa chuo cha teknolojia cha Bandung walipima wakakuta sehemu za kaskazini zimezama mita mbili na nusu katika miaka kumi. Karibu asilimia 40 ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Masika, maji ya mvua yanashuka kutoka milima ya Bogor, na mji mzima unasikiliza kina cha maji kwenye lango la Manggarai, maana likitangazwa limefika daraja la hatari kuna saa chache tu za kupandisha godoro juu ya kabati. Mpwa wa mzee alinionyesha nyumba ya kwao. Sakafu wameiinua kwa kifusi mara kadhaa, na dari imebaki palepale, kwa hiyo mlango wa zamani sasa unafika kifuani. Wanaingia kwa kuinama. Na maji ya kunywa? Yanapita kwenye mikokoteni, madumu kwa madumu, kama Mbagala.

Nikamuuliza kwa nini wasihame. Akauliza kwenda wapi. Bandari ya samaki iko hapa, kazi iko hapa, kaburi la Habib liko hapa. Serikali iliwahi kuhamisha watu wa Pasar Ikan, jirani tu, mwaka 2016, ikabomoa nyumba zao, na baadhi walibaki wakilala kwenye mahema juu ya kifusi mpaka wakajengewa maghorofa mahali palepale. Alisema hivyo bila uchungu, akimpungia mkono mwenye mkokoteni wa mipira ya nyama asimame. Tukanunua supu bakuli mbili.

Nilikuwa Luar Batang tena siku ya sikukuu, tarehe 17 Agosti. Ndege za jeshi zilikuwa zikipita juu kuelekea ikulu. Vichochoroni kila mlango ulikuwa na bendera nyekundu na nyeupe, na kwenye kiwanja kidogo walikuwa wamesimamisha gogo la mpopoo lililopakwa grisi, juu yake wametundika ndoo, sufuria, feni na baiskeli ya mtoto. Vijana wanapandiana mabegani, wa juu kabisa anakaribia kugusa ndoo, wa chini anateleza, wote wanashuka kwa pamoja wakiwa weusi tititi, na kina mama wanawatukana kwa mapenzi. Ilichukua muda mrefu. Mwisho wakashika akili, wanene chini, mwembamba juu, na baiskeli ikashuka.

Baadaye ukaja mchezo wa krupuk, kaukau kubwa za unga wa muhogo. Zinafungwa kwenye uzi na kuning'inizwa usawa wa mdomo, mikono nyuma, unakula huku uzi unayumba. Nilikuwa nimekaa kwa adabu zangu na bakuli la supu. Yule mzee aliyenipa chai akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba miongoni mwa washindani yuko Ibu kutoka Afrika, na umati ukaitikia, sikuwa na pa kujificha. Nilishindana na watoto wa shule ya msingi. Wa kwanza alimaliza wakati mimi nimepata kipande kimoja, tena hicho kiliniangukia kwenye ushungi, na zawadi yake ilikuwa kalamu za rangi na daftari. Mimi nilipewa kaukau iliyobaki, nimalizie nyumbani.